Shemeji Ndiye Anayeshika Boti

Katika ukoo wetu mtu hazami mpaka kaka wa mkewe awe juu ya boti. Babu zetu walizamia lulu wakiwa wamefungwa kamba, na aliyeishika kamba hiyo alikuwa shemeji, si rafiki wala ndugu wa tumbo moja. Rafiki husinzia. Ndugu ana urithi wa kuuwaza. Lakini hakuna mwanamume anayependa kufungua mlango akamkuta dada yake mjane, na watoto, na masanduku. Biashara ya lulu hapa Kuwait ilikufa zamani, mafuta yakatupa vitambi na boti za starehe zenye injini mbili, ila desturi hiyo hatukuiacha. Wanaofundisha uzamiaji wanasema usizame peke yako, nenda na mwenzako. Shemeji yangu Anwar alikuwa akizama peke yake kila Ijumaa, na ukimuuliza atakwambia mwenzake yuko juu anakunywa chai.

Mwenzake huyo ni mimi.

Ijumaa hiyo dada yangu Sabika alinipigia simu asubuhi, nikiwa napakia barafu kwenye gari.

"Faraj, uko peke yako?"

"Niko na barafu."

"Anwar amenipa talaka."

Niliweka mfuko wa barafu chini. "Ngapi?"

"Moja. Aliniandikia kwenye simu Jumatano. Nilikuwa soko la samaki, nachagua samaki wa zubeidi."

"Kaandika nini?"

"Kwamba amechoka. Kwamba mimi sina kosa. Halafu akaniombea heri kwa Mungu, kama mtu anayemuaga mfanyakazi."

"Mama anajua?"

"Mama nimemwambia kiyoyozi cha kwetu kimeharibika ndiyo maana tumehamia kwake. Usimwambie, Faraj. Nipe siku mbili tatu nijue nitasema nini."

"Leo Ijumaa," nikasema.

"Najua leo Ijumaa," akasema, akakata simu.

Nilisimama pale nikingoja hasira. Kwa haki ilipaswa kuja. Anwar tulikaa dawati moja tangu tukiwa na meno ya utoto. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kula, na mimi ndiye niliyemsemea kwa baba alipomtaka Sabika. Kaka ninao, tena wengi, lakini ningeambiwa leo nina ugonjwa mbaya, wa kwanza kumwambia angekuwa Anwar. Basi nikangoja. Mdomo ukishachomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, unaweza kujifinya shavu upendavyo na usihisi kitu, ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nikaokota barafu, nikaendesha gari mpaka gati la Khiran kama Ijumaa nyingine zote.

Nilimkuta ameshapakia mitungi ya hewa. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri, na kwenye kiti cha nahodha ameweka bakuli la dengu za kuchemsha alizotununulia njiani.

"Bu Hamad!" akaita. "Nilidhani umeoa usiku ukapitiwa na usingizi."

Bu Hamad, yaani baba Hamad, ndivyo wanavyoniita. Sina mtoto anayeitwa Hamad wala mke wa kumzaa. Wananiita hivyo kwa matumaini.

"Barafu ilikuwa na foleni," nikasema.

"Barafu ya nini? Kaa wewe juu ya samaki, kivuli cha hilo tumbo kitawatosha."

"Ingia twende."

"Umenuna nini? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto, wamelala vizuri kwake?"

"Vizuri," nikasema. "Kiyoyozi chenu vipi?"

Alikuwa akikaza mkanda wa mtungi. Hakuinua uso. "Fundi anakuja Jumapili."

Alilisema bila kusita, kama mtu aliyekwisha kumwona fundi huyo na kupatana naye. Kumbe uongo ule walikuwa wameukubali wote wawili, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiubeba bila kushirikishwa. Nilijaribu tena kukasirika. Nikala dengu.

Tulifika kisiwa cha Qaruh jua likiwa bado la upole. Kisiwa chenyewe ni kidogo, ukipiga chafya upande huu wanakuombea rehema upande wa pili. Tukafunga boti kwenye boya. Upande wa kaskazini magharibi mbingu ilikuwa imeanza kuwa njano, na kila mtu kwetu anajua maana ya njano hiyo mwezi wa Aprili, lakini vumbi lilikuwa bado mbali na Anwar alishavaa nusu ya suti yake ya mpira.

"Nizame upesi, nipige picha mbili tatu, tuondoke," akasema.

Akanigeuzia mgongo. Kumfunga zipu ni kazi yangu. Nikamfunga. Nikaufungua mtungi, nikatazama kipimo cha hewa, nikavuta pumzi moja kwenye kipumulio chake kuhakikisha, nikakipangusa kwa shati langu nikampa. Mikono yangu inaijua kazi hiyo, haikuniuliza kitu. Nilitazama shingo yake juu ya ukosi wa suti, mahali ambapo Sabika humpaka mafuta ya jua kila tukienda na familia. Siku hiyo hakuwa amepaka.

Alikaa ukingoni, akavaa miwani, akasema yale maneno anayosema siku zote, aliyoyarithi kwa baba yake.

"Roho yangu kwako, shemeji."

Hapo nilimtazama. Nilimpa nafasi. Mtu mwenye haya angesema kitu, hata angekohoa tu. Yeye aliningoja nimjibu, kwa sababu kutoka bila jibu ni mkosi.

"Iko mkononi," nikasema.

Akajirusha kinyumenyume, akazama.

Kazi ya anayeshika boti ni kutazama. Viputo vikipanda unavifuata kwa macho. Maji yakigeuka, boti nayo hugeuka kwenye boya, na hapo unachukua spana unagonga ngazi ya chuma ile sehemu iliyo majini. Sauti huenda mbali chini ya maji, na mzamiaji anajua mkondo umebadilika, apande. Si kazi ngumu. Hata mjinga anaiweza asipopepesa macho.

Maji yaligeuka. Boti ikazunguka taratibu, mkia wake ukaelekea kule meli za mafuta zinakopita. Nikachukua spana. Nilikuwa nayo mkononi, naukumbuka uzito wake, na nilikuwa nimepiga goti karibu na ngazi. Halafu nikaona sina sababu ya kugonga. Sikuwa na sababu ya kutogonga pia. Nikairudisha kwenye sanduku, nikamimina chai.

Upepo ulikuja na vumbi lake. Bahari ikachafuka, kisiwa kikafifia. Viputo vikanipotea. Nilikunywa chai yote, na ilikuwa tamu kuliko ninavyopenda.

Ndipo nikaliona lile puto refu la rangi ya chungwa ambalo mzamiaji hulipuliza akiibukia mbali. Na kweli alikuwa mbali, tena upande wa meli, puto likionekana na kuzama nyuma ya mawimbi, na kila lilipoonekana lilikuwa dogo zaidi. Upepo ukaniletea filimbi yake. Akapiga tena, na tena. Nilimwona, hilo liwe wazi. Mtu asije akasema vumbi lilinizuia.

Nilikaa kwenye kiti cha nahodha na ufunguo umo kwenye injini. Nikajitafuta moyoni. Nilitafuta huruma, sikuipata. Nikatafuta chuki, ambayo ingenisaidia angalau kujua mimi ni mtu gani, nayo haikuwapo. Urafiki wa miaka yote ile nao ulikuwa umekwenda wapi sijui. Filimbi ilikuwa inalia na mimi nilikuwa nasikia mlio tu.

Basi, kwa kuwa moyo haukuwa na la kusema, nikaanza kufikiri kama kadhi. Talaka ni moja. Eda ndiyo kwanza imeanza. Mwanamke wa talaka moja akifiwa na mtalaka wake ndani ya eda huhesabiwa mjane, hukaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Nikamwona Sabika ukumbini kwa mama, amevaa nyeusi, wanawake wa Kuwait nzima wanaingia na kumkumbatia. Wanamwambia mumeo alikuwa mtu mwema. Wanamwambia aliyekufa maji ni shahidi, furahi mwanangu, mumeo yuko peponi. Na yeye hakumwambia mtu kuhusu ule ujumbe. Ataweza kumwambia nani sasa? Atakaa na ujumbe huo kwenye simu, akiitikia amina. Watoto watakua wakiambiwa baba yao aliipenda nyumba yake mpaka mwisho.

Sikukubali. Hata kidogo. Kama Anwar ameamua kumwacha dada yangu, na aishi awe mtu aliyemwacha dada yangu, aonekane sokoni akiwa mtu huyo, azeeke akiwa mtu huyo. Kufa akiwa mume mwema, tena chini ya macho yangu, hapana.

Nikafungua kamba ya boya, nikawasha injini zote mbili.

Nilimfikia meli moja ikiwa karibu kiasi cha kusikia mtambo wake. Nikazima injini ili zisimkate, nikashusha ngazi. Hakuwa na nguvu ya kupanda. Nilimvua mtungi akiwa majini, nikamshika suti begani, nikamvuta kama gunia, akaanguka sakafuni akatapika maji ya chumvi na dengu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nikamfunika taulo, nikampa maji, nikaiondoa boti pale njiani mwa meli mpaka tukapata utulivu nyuma ya kisiwa.

"Injini ilikataa?" akauliza alipoweza kusema.

"Injini nzima."

"Vumbi. Hukuniona."

"Nilikuona."

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi. Aliangalia kikombe changu cha chai, akaangalia sanduku la spana, akajua.

"Sabika kakwambia."

"Leo asubuhi."

"Kabla hatujatoka?"

"Kabla."

"Ukanifunga zipu!"

"Na hewa nikakupimia."

Akajifunika uso kwa taulo. Alilia, au alikuwa anatetemeka kwa baridi, sikuuliza. Kisha akasema ndani ya taulo, "Sasa mbona umekuja?"

"Eda haijaisha. Bado wewe ni shemeji yangu."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha utakuwa mtu kama watu wengine. Nikikuona unazama nitakuja, nani atamwacha Mwislamu afe? Lakini sitakuwa nimekaa nakutazama."

Mkono wake ulikuwa umeshika ngazi ya chuma ingawa alikuwa tayari ndani ya boti, ameukaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa bahari aliyokuwa akiichezea miaka yote ile bila woga, na kwa nini hakuwa na woga.

"Faraj," akasema. Si Bu Hamad, Faraj, kama tulivyoitana shuleni. "Nitamrejea. Wallahi nitamrejea. Leo hii, tukifika gatini nakwenda moja kwa moja kwa mama yako."

Nilikuwa nimeshika ufunguo. Neno hilo ndilo nililopaswa kulifurahia, maana dada yangu alikuwa huko kwa mama akingoja mtu aje kutengeneza kiyoyozi.

"Usimrejee dada yangu kwa ajili ya boti," nikamwambia.

Nikamngoja akatae. Nilimngoja aniapize, anitukane, aniambie mimi mpumbavu, kwamba anampenda, kwamba hata boti zote za Kuwait ziungue atamrejea. Neno moja tu lingetosha, na ningelipokea hata kama ni la uongo. Anwar alitazama maji. Aliyatazama, kisha akanigeuzia mgongo nimfungue zipu.

Hapo ile ganzi ikaisha nguvu. Maumivu yakaja yote kwa pamoja, yale ya asubuhi na ya mchana. Dada yangu alikuwa ameachika kweli, na mimi nilikuwa nimeachika pamoja naye.