Kochi la Watu Sita

Saa tano asubuhi Mikono alikuwa ameinamia kompyuta, chai imepoa hadi imeota utando, na dada yake, fundi cherehani, akimsema kutoka upande wa pili wa chumba.

"We mtoto, kula basi!"

Atakula vipi? Mchezo wa mtandaoni aliotengeneza, ule wa watu kushusha kochi kutoka ghorofani, ulikuwa kwa majaribio kwenye jukwaa kubwa la mtandaoni linalounganisha wachezaji. Majaribio yanaisha saa tisa. Asipopata msaada wa fedha ambao jukwaa huwapa watengenezaji wadogo, mchezo unazimwa, na miaka yake miwili imekwenda na maji.

Tena alikuwa amefanya kosa la mpweke. Siku zote aliujaribu mwenyewe, simu moja kila mkono, ndiyo maana mtaa ukambandika jina la Mikono. Sasa mikono ya mtu mmoja isalimiane ya nini? Hakuwawekea wachezaji njia ya kuongea: si sauti, wala maandishi, wala hata kupunga mkono.

Wakaingia sita, watu asiowajua, kutoka anakokujua Mungu. Wakagongana, kochi likabingirika ngazini. Halafu mmoja akachuchumaa mara mbili. Mwenzake akamjibu vilevile. Mara wote sita! Kuchuchumaa mara moja ikawa "subiri", kuruka ikawa "nyanyua", na kochi likaanza kushuka.

"Dada, njoo uone! Wanaongea! Sikuwafundisha mimi!" Machozi yalimtoka bila haya.

Dada akaja na futi shingoni, akashika mdomo. "Makubwa haya!"

Saa nane Mikono akafungua fomu ya msaada. Jina, sawa. Mchezo, sawa. Nchi: akashuka na orodha, akapanda nayo. Yake haimo. Akamwandikia mhudumu wa jukwaa.

"Chagua nchi jirani," mhudumu akajibu.

"Nazo hazimo."

"Asante kwa kutuchagua."

Akacheka kicheko kichungu. Kisha akaandika kwenye ukuta wa zile ngazi, wachezaji waone, anwani ya kompyuta yake mwenyewe: mchezo utaendelea hapa, njooni huku kwangu. Saa tisa kamili jukwaa likauzima mchezo.

"Hiyo kompyuta ikishinda inawaka, pasi siwashi. Vikiwaka vyote viwili umeme utakatika," dada akamkumbusha. Magauni manne yalikuwa yanasubiri, na wenyewe wanakuja jioni.

Mikono alizikodolea macho ngazi za mchezo. Kwenye kioo aliingia mtu mmoja. Akaingia wa pili.

Dada akawatazama kidogo, akaichomoa pasi ukutani.

"Wateja watavaa na mikunjo yao."