Vumbi la Breki la Eizo Mogami

Jumapili ya pili ya Aprili, saa tatu na robo asubuhi, Eizo Mogami alilipandisha jeki gari lake dogo jeupe, akafungua nati kumi na sita, akayavua magurudumu ya theluji na kufunga ya kiangazi. Yale aliyoyavua akayalaza uani karibu na bomba, kila moja na alama yake ya chaki: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kisha akanawa mikono, akamtazama mkewe Kiwa, akasema, "Chakula."

Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno matatu aliyoyatumia nyumbani. Mengine mawili yalikuwa "kuoga" na "kulala". Mjini Yonezawa, ambako theluji hupanda hadi madirishani, wanaume wengi wa rika lake walijimudu kwa hayo hayo matatu, na hakuna aliyewaona mabubu. Kiwa alikuwa ameishi nayo miaka thelathini na mmoja. Binti yao Naho alipoolewa akahamia Sendai, nyumba ilinyamaza kabisa, na Kiwa akaanza kuzungumza na birika la chai. Aliona haya, lakini alizungumza nalo.

Miaka yote hiyo magurudumu ya akina Mogami yalioshwa na fundi Satake, mwenye gereji karibu na daraja. Mwaka huo Satake alikuwa amefunga gereji kwa sababu ya magoti, kwa hiyo kazi ilimwangukia Kiwa. Aliandaa ndoo mbili, sabuni laini, brashi na mswaki mkuukuu. Kwanza aliyamwagia maji kwa mpira ili kuondoa chumvi ya barabarani, maana chumvi hula rimu kama panya anavyokula sabuni. Halafu akachutama mbele ya gurudumu la mbele kushoto, akautia mswaki katikati ya mikono ya rimu, pale vumbi la breki lilipoganda jeusi tititi. Rimu likasema:

"Nenda basi, babu! Taa imewaka kijani tangu hujaota mvi!"

Ilikuwa sauti ya Eizo. Kiwa aliinuka akachungulia jikoni. Eizo alikuwa amekaa mezani, mdomo umejaa wali. Kiwa akarudi, akachovya mswaki.

"Na wewe mwenye lori, unampigia nani honi? Mimi? Shuka basi! Shuka uone! Aa, anashuka. Samahani, bwana. Samahani sana."

Kumbe Eizo alikuwa msemaji, tena wa kupigiwa mfano, ila alisemea garini, na kila alipokanyaga breki vumbi liliyanasa maneno yake yakakaa kwenye rimu majira yote ya baridi. Magurudumu ya nyuma, ambayo breki zake hufanya kazi ndogo, hayakuwa na mengi. Yalinung'unika juu ya ukungu na juu ya bosi wa ghala la mchele alikofanya kazi, kisha yakatakata.

Ng'ambo ya ua, Mama Igarashi, mjane, alikuwa anaanika magodoro.

"Ee, Mama Naho! Kumbe mzee wako ana mdomo hivyo?"

"Hata mimi ndio nasikia leo, dada."

"Afadhali wako. Marehemu wangu alikuwa anaimba tu, tena anakosea maneno." Akalikung'uta godoro. "Nimebakiza gurudumu lake moja, liko stoo, sijaliosha. Siku nikizidiwa na upweke nitaliosha."

"Ukiliosha halirudii?"

"Halirudii. Likishasema limesema."

Ndipo Kiwa akaelewa kwa nini fundi Satake alikuwa akimpokea kila mwaka kwa macho ya huruma, na kumuuliza figili zake za kuchacha zinaendeleaje, ilhali hakuwahi kumwonjesha hata kipande. Akalisogeza gurudumu la mbele kulia.

Hilo lilikuwa na tabaka nene kuliko yote. Kiwa alipolisugua, alisikia jina lake.

"Kiwa," rimu lilisema. Jina hilo hakuwa amelisikia kwa sauti ile tangu Naho alipozaliwa. Ndani ya nyumba hakuitwa kwa jina lolote. "Kiwa, figili za jana zilikuwa tamu. Aa, hapana. Kiwa, ahsante kwa figili. Hapana, atadhani ninaumwa. Kesho."

Maneno hayo yalinaswa kwenye kona ya banda la zimamoto, penye kibao cha kusimama, hatua hamsini kutoka mlangoni kwake. Kila jioni Eizo alisimama pale, akafanya mazoezi, akaahirisha. Kiwa alisugua Desemba yote, akasugua Januari. Kila siku kulikuwa na "Kiwa" moja na "kesho" moja. Alipofika Februari mkono wake ulipunguza mwendo wenyewe.

"Kiwa, siku ile ulipoteleza kwenye barafu nilidhani nimekupoteza. Nilishindwa hata kushika kikombe. Leo nasema. Nikivua viatu tu, nasema."

Kiwa aliikumbuka siku hiyo. Eizo alivua viatu, akautazama mkono wa mkewe uliofungwa bendeji, akasema, "Kuoga."

Alilia kidogo pale bombani, kwa furaha na kwa hasira, akashindwa kujua ipi ilizidi. Kisha akayafuta magurudumu kwa kitambaa kikavu, akayapaka nta, akayapanga stoo na kuyafunika yasipigwe na jua.

Tangu siku hiyo alimngoja Eizo mlangoni kila jioni. Gari liliposimama konani alisikia breki, akajipanga. Eizo aliingia, akavua viatu, akafumbua mdomo.

"Ehe?" Kiwa alimhimiza.

"Chakula."

Alimpikia vyakula avipendavyo. Alizima televisheni ili kusiwe na kisingizio. Siku moja alimwuliza waziwazi, "Baba Naho, huna la kuniambia?" Eizo alifikiri kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. "Kulala," akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema kwamba mshindo huo utasikika bombani tu.

Mwezi wa Septemba alikuja Kudo, muuza magari, kijana wa tai na tabasamu, akaweka picha za gari jipya mezani.

"Baba, hili linajipunguzia mwendo kwa mota. Breki huigusi. Na wewe mama utapumzika: miaka mitano rimu linang'aa, vumbi hulioni!"

Birika nusura limponyoke Kiwa.

"Mm," alisema Eizo.

"Mm" yake iliweza kuwa ndiyo, iliweza kuwa hapana, iliweza kuwa kiungulia. Kudo aliiona kuwa ndiyo. Akasema atarudi na fomu katikati ya Novemba. Kiwa hakulala vizuri wiki hiyo. Maneno yote ya mumewe kwake yalikuwa kwenye vumbi lile, na sasa hata vumbi linataka kuondolewa kwa sababu ya usafi.

Gari lilikuwa mikononi mwake kila Alhamisi, alipokwenda sokoni. Alhamisi iliyofuata alifika kwenye kona ya zimamoto, akakanyaga breki, akajikohoza.

"Baba Naho. Ni mimi, Kiwa. Ya Februari nimeyasikia." Akaona aibu, akaondoka.

Alhamisi ya pili alikanyaga breki mara sita. "Mkono umepona. Useme basi, mume wangu, mficha uchi hazai." Ya tatu mdomo ulifunguka, ikamtoka miaka thelathini na mmoja: mama mkwe, miguu ya Eizo isiyofutwa, siku ya kuzaliwa ambayo alimnunulia ungo, na jinsi alivyokuwa mzuri wa sura alipokuja kumposa, amelowa theluji, ameshikilia kopo la chai hajui aliweke wapi. Nyuma yake magari saba yalikuwa yanapiga honi. "Na gari la Kudo silitaka!" alimalizia, akawasha indiketa.

Jumapili ya pili ya Novemba Eizo aliyavua magurudumu ya kiangazi, akayalaza uani, akanawa mikono.

"Mgongo," alisema Kiwa, ameushika. "Leo osha wewe."

Eizo alimtazama kama mtu aliyeambiwa azae. Akachukua mswaki.

Kiwa alikaa nyuma ya dirisha la jikoni. Aliona mswaki ukisugua, ukasimama. Aliona masikio ya mumewe yakigeuka mekundu, kwanza moja, halafu yote mawili. Mama Igarashi alitokeza kichwa uani, akasikiliza kidogo, akarudi ndani kwa adabu. Kazi ya dakika arobaini ilimchukua Eizo saa mbili na nusu. Ilipokwisha, alikuja akasimama kizingitini, mswaki unadondosha maji sakafuni. Alifumbua mdomo. Kiwa akazima jiko ili asikie vizuri.

"Yametakata," alisema Eizo.

Kiwa alingoja.

"Chakula."

Kiwa alitamani kumpiga na mwiko. Akapakua.

Siku nne baadaye Kudo alileta fomu na kalamu. "Hapana," alisema Eizo. Kudo akauliza kuna kasoro gani, baba, si tulikubaliana. Eizo alitafuta neno kwenye dari nzima. "Breki," akasema, akainuka kwenda kuoga.

Kesho yake asubuhi theluji ya kwanza ilianguka, nyembamba kama unga wa mchele. Eizo aliondoka kwenda kazini, magurudumu ya theluji yanang'aa. Kiwa alisikia gari likisimama kwenye kona, ambako hakukuwa na mtu wala gari. Likasogea kidogo, likasimama tena. Likasogea, likasimama. Liliteremka mlima wote hivyo hivyo, na nyuma yake msururu ukafika hadi posta.

"Leo ana mengi," alisema Mama Igarashi, akifagia theluji.

"Ana mengi," alisema Kiwa.

Akaingia ndani, akaifunua kalenda ya mwaka mpya iliyoletwa na mtu wa gesi, akapita Januari, Februari na Machi, akaizungushia duara Jumapili ya pili ya Aprili.

Jioni alisikia breki kwenye kona ya zimamoto, ndefu kuliko siku zote. Eizo akaingia, akavua viatu, akafumbua mdomo.

"Chakula," alisema.

Kiwa akapakua, akamwongezea figili.