Masizi ya Kila Asubuhi

Baba alikuwa anawasha gari kila asubuhi na haendi popote. Naanzia hapo kwa sababu yote yalianzia hapo, na anayesema kosa ni la kaka peke yake hakuwahi kukaa kwenye ua wetu akavuta pumzi.

Yaani ilikuwa hivi. Anatoka na kikombe cha chai, anafungua mlango wa dereva, anakaa mguu mmoja ndani mmoja nje, anazungusha ufunguo. Dizeli inakohoa, inashika, inaanza kunguruma. Baba anakunywa chai taratibu huku anatazama ukuta wa jirani, ukuta ambao hauna lolote la kutazamwa. Chai ikiisha anazima, anafuta dashibodi kwa kitambaa chake cha njano, anafunga mlango, ufunguo unarudi mfuko wa shati. Ukimuuliza anakwambia gari lazima lipumue.

Gari lile ndilo lililompeleka mama hospitali kubwa, ile iliyo kandokando ya barabara kuu. Lilienda na watu watatu, likarudi na baba, kaka na mkoba wa mama. Tangu siku hiyo halikukanyaga tena barabara kuu. Likienda mbali sana ni dukani, au kunifuata mimi kituoni mvua ikininyeshea. Hakuna aliyetangaza sheria. Ila siku moja shangazi aliomba kurudishwa kwake, ng'ambo ya barabara kuu, na baba akamwitia teksi wakati gari limekaa palepale linawaangalia. Shangazi akapanda teksi yake, na sisi tukaelewa.

Sasa kaka. Mtaani wanamwita Injinia, na msidhani ni sifa. Hajasomea chochote, vyote kavipata kwenye video. Aliwahi kutengeneza pasi ikawa baridi, akatengeneza friji ikawa moto, na jina likazaliwa wiki hiyohiyo. Lakini usukani anaujua, alifundishwa na baba mwenyewe, na baba maisha yake yote alikuwa dereva wa wakubwa. Tatizo, kaka hakuwa na kazi. Mke wake alivumilia, akavumilia, mwisho akachukua mtoto akarudi kwao, akasema atakaa huko mpaka mume wake awe na kitu cha kueleweka.

Halafu kikapatikana kitu cha kueleweka. Kiwanda cha sabuni cha upande wetu kilitaka dereva mwenye gari, awabebe wasimamizi asubuhi na jioni. Walimpenda kaka. Walitaka kitu kimoja tu, cheti cha ukaguzi wa gari. Baba naye alikubali gari litumike, kwa sababu kiwanda kiko hukuhuku na wasimamizi wanaishi hukuhuku. Kaka alimpigia mke wake. Nilikuwa nimekaa naye, nikamsikia shemeji upande wa pili akisema kwa sauti ya chini kwamba akipata cheti amtumie picha, atafunga mizigo.

Kesho yake taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.

Gari likawa zito. Unakanyaga, linafikiria, ndipo linaondoka kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Tukamwita Fundi Nusu, anaitwa hivyo kwa sababu kila kazi kwake ni nusu saa tu, hata ile inayokula siku mbili. Akafungua boneti, akalala chini, akainuka akicheka. Mimi simu ilikuwa mkononi kama kawaida, nikarekodi, na mpaka leo video ninayo.

"Hili gari kwenye ekzosi lina chujio," alisema. "Linakamata masizi. Likijaa, gari linatakiwa likimbie, chujio lipate moto mkali, masizi yaungue. Nyinyi mnaliwasha linasimama, mnaliwasha linasimama. Ni mtu anakula kila siku haendi chooni."

Nilicheka mpaka simu ikatikisika. Kisha nikaona sura ya baba kwenye kioo cha simu, nikaacha.

Fundi akaendelea, hajui kilichompitia mtu yeyote. Akasema dawa ni rahisi, lipelekwe barabara kuu, likimbizwe kama saa nzima bila kusimamasimama, taa itazima yenyewe.

"Barabara kuu halipiti," baba akasema.

"Baba, saa moja tu. Naenda mwenyewe, narudi."

"Nimeshasema."

Kaka akamtazama baba, akautazama mfuko wa shati ulipolala ufunguo, akainama. Angeweza kubishana. Nadhani na yeye, kwa siri, hakuwa na hamu ya kuipita ile hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma siku ile, kichwa cha mama kikiwa mapajani mwake.

Basi Fundi Nusu akataja njia ya pili, chujio jipya, na alipotaja bei kaka akamwomba airudie. Ndipo akakuna shingo, akasema watu wengi siku hizi wanalitoa tu, wanachimba vya ndani, kopo lake linarudi tupu, gari linakuwa jepesi kama mtoto kwenye mbio za shule. Kaka akauliza vipi ukaguzi. Fundi akasema yeye anavyowajua wale, wanaangalia breki, taa, matairi, wanapiga honi, wanakusalimia, unaondoka. Kisha akaongeza kwamba yeye hajasema kitu. Akaondoka, na kumbe grenda yake ya kukatia chuma kaisahau kwenye ngazi zetu, na waya wake umeshaviringishwa vizuri.

Jumamosi kaka akaliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya matofali, akaingia chini na video inacheza kwenye simu iliyoegemezwa tairi. Kilichonishangaza ni baba. Nilidhani atajifungia ndani. Alivaa suruali yake ya kazi, akachuchumaa, akashika tochi. Miaka ile yote sikuwahi kumwona mchangamfu vile. Alimtania kaka, Injinia kaza mkono, Injinia hiyo si pasi. Alikuwa amepata namna ya kuliponya gari bila kwenda kule, ndiko furaha yake ilikotoka, na kaka alikuwa amepata baba wa zamani kwa mchana mmoja. Ungekuwa wewe ungewazuia? Mimi nilikuwa nachagua pembe nzuri ya kupiga picha.

Grenda ikalia, cheche zikaruka, kopo likatoka. Kaka akalifungua, akachukua nondo, akaanza kuchimba. Ndani mlikuwa na kitu kama masega ya nyuki, ila meusi, yameziba tundu kwa tundu. Vumbi lililotoka lilikuwa laini kuliko unga. Likakaa juu ya nguo nilizoanika, likaingia puani, kikohozi changu usiku ule kilitoa makohozi ya rangi ya wino. Jirani akafunga madirisha yake moja baada ya jingine, kwa kishindo, tusikie.

Baba aliokota kipande cha sega, akakisugua kwa kidole gumba.

"Yote haya yametoka wapi?"

"Kwenye chai yako, baba," kaka akamjibu akiwa chini ya gari.

Baba akacheka. Akakirusha kipande kwenye ndoo ya taka pamoja na vingine, na asubuhi ya Jumatatu gari la taka likabeba ndoo nzima.

Fundi Nusu akarudi kuchukua grenda aliyoisahau, akachomelea kopo tupu mahali pake kwa sura ya mtu anayemsaidia jirani. Akaja na rafiki yake mwenye kompyuta ndogo, huyo kazi yake kuliambia gari kwamba halijawahi kuwa na chujio. Gari likakubali. Taa ikazima. Kaka akalizungusha mtaani, lilivuta kama mbwa aliyekata kamba, na nyuma likaacha wingu jeusi. Baba akasema ni mabaki, yataisha. Hayakuisha.

Jioni kaka akaomba simu yangu aweke miadi ya ukaguzi. Akabonyeza, akasoma, akanirudishia simu. Kituo cha karibu kilikuwa kimefungwa. Kilichobaki kiko kule mbele, unapita hospitali kubwa, unaendelea.

Alimweleza baba asubuhi, wakati injini inaunguruma na chai iko nusu. Nilitegemea jibu lilelile. Baba alifungua mdomo kulitoa. Kaka akamuwahi, bila kupaza sauti.

"Baba, jana mwanangu kwenye simu ameniita anko."

Baba akazima gari. Kikombe akakiacha juu ya boneti, akaingia ndani, akatoka na shati lililopigwa pasi.

"Naendesha mimi," akasema.

Siku ya ukaguzi alishika usukani, kaka pembeni yake, mimi nyuma. Mwanzo alikwenda kama anabeba mayai. Tulipoingia barabara kuu akakanyaga mafuta, na gari likaenda, jamani, likaenda vizuri mno. Nilirekodi kwenye kioo cha nyuma. Mwendesha pikipiki alipotea ndani ya moshi wetu, akatokea amejifunika uso kwa mkono, akatuonyesha ngumi. Nikacheka. Wote tulicheka siku ile, ndicho kinachoniuma.

Tulipofika usawa wa hospitali hakugeuza shingo. Mikono ilikaza tu.

"Hapa ndipo alipoomba maji," akasema.

"Nilimpa, baba. Alikunywa," kaka akamjibu.

Baba hakuwa anajua. Siku ile yeye alikuwa anatazama barabara, hakuona nyuma. Alitikisa kichwa mara kadhaa, akapangusa macho kwa kitambaa cha dashibodi, na tulipoiacha hospitali nyuma akaanza kuongea. Akasimulia mama alivyokataa kupanda gari lile siku lilipoletwa, eti rangi yake ya jeneza. Akaeleza walivyogombana, akaiga sauti yake. Kaka alicheka mpaka akapiga goti. Safari ikaendelea hivyo, saa nzima nadhani, bila kusimamasimama.

Sijui kaka aliyakumbuka lini maneno ya Fundi Nusu. Mimi nilikumbuka nilipomwona kaacha kucheka, anatazama dashibodi, pale ilipokuwa taa ya njano.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye fulana ya kung'aa na peni sikioni. Breki nzuri. Taa nzuri. Matairi akayasifu. Kisha akachomeka mrija kwenye ekzosi, akamwambia baba akanyage. Banda zima likawa jeusi, watu wakatoka nje wanakohoa. Akatazama mashine yake, akainama, akaligonga lile kopo kwa spana. Lililia kama debe tupu la mafuta.

"Mmelitoa," akasema.

Baba akazima injini.

"Mmetokea wapi leo?"

Kaka akamtajia mtaa wetu. Yule mama akavua kofia yake, akajipepea moshi.

"Mbona njia yote hiyo ingetosha kulisafisha," akasema. Hakutuonea huruma wala hakutukemea. Akabandika stika nyekundu kwenye kioo cha mbele, akaita gari linalofuata.

Stika nyekundu maana yake gari haliruhusiwi barabarani mpaka chujio lirudi. Tulirudi tumebanana kiti cha mbele cha gari la kuvuta, letu likining'inia nyuma pua juu. Hospitali ikatupita tena. Ilikuwa mara ya pili baba na kaka wanarudi kwa njia ile wakiwa pungufu. Dereva wa gari la kuvuta alikuwa mpenda stori, akauliza kama tuna undugu.

Kiwanda kilisubiri siku chache, kwa heshima, halafu kikachukua mtu mwingine. Shemeji hakutumiwa picha, na wala hakuiulizia. Kaka akaanza kutoka kwa miguu kila asubuhi kutafuta vibarua, anarudi na viatu vyenye vumbi, anakula, analala. Kwa baba ana adabu kupita kiasi. Ndiyo baba, sawa baba, shikamoo baba. Nilitamani wagombane.

Na baba, niseme ukweli, alikuwa amepona. Anaongea mezani. Picha ya mama aliitoa kabatini akaitundika sebuleni. Jumamosi moja alitoka na chai yake, akamkuta kaka anafunga kamba za viatu kwenye ngazi. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akampa. Hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule.

"Injinia, kesho tutoke. Ile barabara haina neno. Twende tukamchukue mke wako na mtoto."

Kaka aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama, akaitazama stika nyekundu kwenye kioo.

"Kwa gari gani, baba?"

Akainuka, akaurudisha ufunguo mfuko wa shati la baba, akaulaza vizuri, akaugusa kwa juu kama anayehakikisha haudondoki. Kisha akatoka getini.

Baba akafungua mlango wa dereva, akakaa mguu mmoja ndani mmoja nje, akatazama ukuta. Hakuwasha. Nilikuwa dirishani na simu mkononi, sikuirekodi. Ua ulikuwa kimya, nikamsikia anakunywa chai. Sikuwahi kabla ya hapo kumsikia baba akimeza.