Loretta na Mlango wa Vifaranga

Sanduku la barua halikuwa limemkosea mtu. Lilikuwa limesimama juu ya mti wake kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa kina Stukey, likisubiri barua kama masanduku mengine yote ya Ohio, Bibi Arlene alipolipitia na gari jioni moja ya Septemba na kulilaza majanini. Mwanawe, Duane, akalisimamisha upya. Haukupita muda, jioni nyingine, Bibi akalilaza tena.

"Mama, basi," Duane akasema, na safari hii hakucheka. "Hilo gari tunampa mmoja wa watoto."

Gari lenyewe lilikuwa la kijani, refu kama jeneza la twiga, na Bibi alilibatiza jina la Loretta. Halikuwa na urembo wowote. Ila liliwaka kila asubuhi hata theluji ikifika magotini, na katika mji ambao basi pekee ni la wanafunzi, gari linalowaka ni uhai. Corinne, mjukuu wa Bibi mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya jioni kwenye duka la piza kule barabara kuu. Meneja hakumzungusha: ukifika Jumatatu huna usafiri wako wa kurudi nyumbani, nafasi anapewa mwingine. Kaka yake Thad, aliyekuwa na ishirini, alikuwa na pikapu yake, lakini pikapu hiyo ilimjua fundi kuliko ilivyomjua mwenyewe. Kwa hiyo Loretta alitamaniwa na wawili, na wote walianza ghafla kumpikia Bibi chai.

"Mimi sichagui mjukuu," Bibi Arlene akasema, akiipokea chai ya tatu asubuhi ile. "Nikichagua, mmoja atanichukia, na mwingine ataacha kunipikia. Jumamosi tunakwenda kwa Kessler. Tunaingia Machinjio, ile nyumba yao ya vitisho, wote watatu, mimi ni refa. Yeyote atakayetokea mlango wa mbele kwa miguu yake, Loretta ni wake."

"Tukitoka wote?" Thad akauliza.

"Hamtatoka wote. Nawajua tangu mkiwa na nepi."

Bustani ya michezo ya Kessler, mchana wa Oktoba, ni mahali pa watoto waliovaa kama nyuki na wazazi waliobeba maboga. Jua likianza kuzama, nyuki hurudishwa nyumbani, mashine za moshi huwashwa, na mazimwi, yaani vijana wa kazi waliovaa vinyago, huachiwa. Walipofika, Bibi mwenyewe akiwa kwenye usukani kwa sababu bado kulikuwa na mwanga, harufu ya maandazi ya sukari ilikuwa imeshachanganyika na ya majani makavu yaliyolowa. Bibi alivaa sweta la rangi ya chungwa lenye paka mweusi kifuani. Thad alivaa kofia nyekundu na uso wa mtu aliyeshashinda.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mwenyeji wa pale anajua na wageni wa mjini hawajui. Mazimwi wa Kessler hawaruhusiwi kukugusa hata kwa ukucha. Silaha yao ni jina lako. Zimwi mmoja akilidaka kwenye foleni, huwanong'oneza wenzake kwa kile kiredio cha sikioni, na ukifika chumba cha tatu, kichwa cha mbuzi kitakuita kama mjomba wako. Ndiyo maana mwenyeji hamwiti mwenzake jina akiwa foleni. Mume na mke wa miaka thelathini wataitana "wewe" na "huyu" mpaka mlangoni. Nyuma ya kina Stukey mgeni mmoja alikuwa akipaza sauti, "Jessica, njoo upige picha, Jessica," na wenyeji walimtazama huyo Jessica kwa huruma, kama kondoo aliyevalishwa utepe.

"Wewe," Thad akamwambia dada yake, "umeshaanza kutetemeka au ni baridi?"

"Baridi. Na wewe bwana, hicho kijasho ni cha nini?"

"Cha furaha. Nawaza nitakavyokuwa nakupita kituoni na Loretta. Nitakupigia honi, usijali."

"Basi pisheni, niende nikamletee huyu mama andazi," Corinne akasema, akimwonyesha Bibi, kisha akaondoka kwa unyenyekevu ambao ungemshtua yeyote anayemjua.

Andazi lilikuwa kushoto. Corinne akaenda kulia, kwenye kibanda ambako zimwi aliyeitwa Mama Jeneza alikuwa akipita na futi kamba ya fundi, uso mweupe kama unga, akiwapima watu majeneza bila kuwagusa.

"Yule mrefu, kofia nyekundu," Corinne akanong'ona. "Anaitwa Thad."

Mama Jeneza akaivuta futi kamba hewani. "Thad. Jina fupi, jeneza refu. Anaogopa nini?"

"Nguruwe. Aling'atwa na nguruwe wake mwenyewe kwenye maonyesho ya wilaya, mbele ya majaji."

Mama Jeneza hakucheka, maana kazi ni kazi, ila kope zake zilicheza. Corinne akanunua andazi, akarudi, akamkuta Bibi, Thad ameshakwenda msalani, akimpa zimwi mmoja kibyongo mwenye meno ya kuoza kitambaa cha kupengea. Kibyongo alikuwa ameinama kabisa, sikio karibu na mdomo wa Bibi.

"Ana mafua, maskini," Bibi akaeleza. "Wanawaacha kwenye baridi hivi hivi."

Wakaingia. Machinjio, kwa jina kamili Machinjio ya Kina Grindle, yalianza kwa ukumbi wa nyama zinazoning'inia, za plastiki lakini zilizolowa. Thad mbele, Corinne katikati, Bibi nyuma akila andazi. Hatua chache tu, kutoka nyuma ya ubavu mmoja, sauti nzito ikavuta: "Thaaaad."

Thad akacheka. Kicheko kilikuwa kirefu kuliko kilivyohitajika. "Wamejuaje?"

"Labda uso wako unafanana na jina," Corinne akasema.

Chumba cha pili, kwa chini karibu na viatu: "Thad. Majaji wanakusubiri, Thad." Halafu mkoromo. Mkoromo wa nguruwe hasa, ule wa ndani ya pua. Thad akaacha kucheka, akahama kutoka mbele akaja katikati bila kuomba ruhusa. Corinne alihisi raha ikimpanda kutoka miguuni. Kama mambo yangeendelea hivi, angetembea Machinjio yote kama mtu anayetembea sokoni, mazimwi wote wakiwa na shughuli yao na kaka yake.

Kwenye kona ya chumba cha tatu palikuwa na kiti, na juu ya kiti sanamu ya kutishia ndege, mikono ya majani, kichwa cha gunia. Corinne akaiona akasimama. Alikulia katikati ya mashamba ya mahindi, na tangu utotoni alikuwa akifumba macho wanapopita yanakosimamishwa madude hayo. Jambo hilo walilijua watu wa nyumbani tu.

Gunia likainuka taratibu. "Corinne," likasema. "Piza inapoa, Corinne. Nani atakurudisha nyumbani?"

Corinne akaruka nyuma. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Wewe ndiye umewaambia."

"Mimi?" Thad akasema. "Na nguruwe wametajwa na nani? Na malaika?"

"Kwanza jibu wewe. Ulikwenda msalani ukakaa saa nzima."

"Kwa hiyo sasa mtu haruhusiwi kwenda msalani? Wewe andazi la hatua kumi ulilifuata wapi, Toledo?"

Zimwi mmoja mwenye kichwa cha nguruwe na shoka la mpira alikuwa ameshajitokeza mlangoni. Akaona kuna ugomvi wa kifamilia, akalishusha shoka, akasubiri kwa adabu. Nyuma yao kundi la kina Jessica nalo likasimama.

"Msiba wako ni huo, hujui kushindwa," Corinne akasema, sauti ikipanda. "Tangu utotoni. Unajifanya simba, Thaddeus Eugene Stukey, na ni kijibwa."

Hilo jina la katikati Thad alikuwa amelificha tangu darasa la kwanza. Hata rafiki zake wa karibu walidhani ile herufi E ni ya Edward. Corinne mwenyewe alipojisikia akajua amefanya nini, maana mwenyeji wa Kessler, aliyelelewa pale pale, alikuwa amelimwaga jina zima la ndugu yake katikati ya Machinjio kama mgeni wa mjini.

Kutoka darini ikashuka taratibu: "Eugeeeene."

Kutoka ukutani: "Eugene, njoo zizini."

Mwenye kichwa cha nguruwe akainua shoka, akapiga magoti, akateleza sakafuni kwa vile vyuma wanavyofunga magotini, cheche zikiruka, akikoroma njia nzima. Thad akakimbia kwa pembeni kama kaa, akaupata mmoja wa ile milango midogo ya manjano iliyochorwa kifaranga analia, iliyowekwa kwa ajili ya walioshindwa na isiyo na njia ya kurudi ndani, akaupiga bega, akapotea.

"Tusimsubiri," Bibi akasema, akifuta sukari mdomoni. "Songa mbele, mwanangu."

Corinne akasonga. Sasa ilikuwa kazi ya kutembea tu. Alijiona tayari kwenye maegesho ya duka la piza, funguo zikizunguka kidoleni. Vyumba viwili akavipita huku ameuma shavu kwa ndani. Wakamwita Corinne, wakamwita Cori, mmoja akamuuliza kama vitunguu vinawekwa kabla au baada ya jibini. Akaendelea kutembea.

Ukabaki ujia wa mwisho. Mabua ya mahindi pande zote, taa moja ya buluu, na katikati ya mabua safu ya sanamu za kutishia ndege, kofia zimeshushwa. Mlango wa mbele ulionekana kule mwisho, na watu nje wakila.

Mmoja kati ya hawa ni mtu, Corinne akajiambia. Mmoja tu. Atanirukia, nitapiga hatua, nitatoka.

Akampita wa kwanza, hakujitikisa. Akampita wa pili. Akawapita karibu wote, na hakuna aliyeruka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kurukiwa. Shingo ilimwasha. Akageuka nyuma kumtazama Bibi, ajipe moyo.

Bibi hakuwepo. Sanamu zote zilikuwa zimegeuza vichwa kumtazama.

"Bibi?" akaita. "Bibi, usinichezee."

"Corinne," ikajibu sauti sikioni mwake, ya upole, ya mtu aliyemlea, chini ya kofia ya majani, kutoka kwenye sanamu ya karibu kabisa, yenye paka mweusi kifuani.

Ukelele alioutoa ulisikika mpaka kwenye foleni. Miguu yake haikumwuliza iende wapi. Pembeni ya mabua palikuwa na mlango mwingine wa manjano, karibu kuliko wa mbele, basi ikachagua huo.

Nje, Thad alikuwa amekaa juu ya robota la majani, kibandiko cha kifaranga kimeshabandikwa kifuani. Msichana wa mlangoni akambandika Corinne cha kwake, bila maneno, kama mtu anayepiga mhuri.

"Sikuwaambia mimi," Thad akasema. "Nilitaka, nakiri. Lakini kulikuwa na foleni msalani."

"Mimi nilikutaja wewe tu," Corinne akasema.

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama mlango wa mbele, ambako Bibi Arlene alikuwa anatoka pole pole, kofia ya majani kichwani, kibyongo mwenye mafua akimshikia pazia na mwenye kichwa cha nguruwe akiinama nyuma yake kama mhudumu wa hoteli.

"Yeyote," Bibi akasema alipowafikia. "Nilisema yeyote. Mnisahihishe kama sikusema."

"Bibi, ni wewe uliyetutaja," Corinne akasema.

"Wewe ulimtaja kaka yako peke yake, jambo la upendeleo. Mimi niliwataja wote sawasawa. Yule kijana wa mafua akanipa na kofia." Akaivua, akaitazama kwa mapenzi. "Baba yenu mwambieni gari lina mwenyewe."

Thad akaanza kucheka, hakuweza kujizuia. Corinne hakucheka. Aliziona mashine za piza zikimezwa na giza, na mtu mwingine amevaa aproni yake.

"Haki ni haki," akasema. "Ila kazi imekwenda, Bibi. Jumatatu siendi popote."

Wakatembea mpaka maegesho, giza limeshakaa sawasawa. Loretta alikuwa mwisho wa safu. Bibi akachomeka funguo kwenye mlango wa dereva, halafu hakuzizungusha. Alikuwa anatazama gari moja lililokuwa likija kule barabarani.

"Zile taa," akasema, "ni mbili au nne?"

"Mbili, Bibi."

"Mimi naona nne." Akavuta pumzi puani. "Na lile sanduku la barua nililiona mawili. Nikapita katikati yake."

Thad akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Bibi akachomoa funguo, akazitia mkononi mwa Corinne na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Mchana gari ni langu," akasema. "Nakwenda kanisani, nakwenda sokoni, nakwenda kwa kina Wilma kusengenya. Jua likizama ni lako, na kazini unakwenda. Na baba yako asisikie habari za taa nne."

"Na mimi je?" Thad akauliza.

"Wewe keti nyuma, mume wangu, ulinde kofia."

Corinne akaingia kwenye usukani, akakisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo. Bibi akakaa kando yake, akafunga mkanda, mikono juu ya mapaja kama abiria wa kawaida, jambo ambalo wajukuu wake walikuwa hawajawahi kuliona.

"Theluji ikianza, siku zikiwa fupi?" Corinne akauliza. "Saa kumi na moja kumeshakuwa giza."

"Hapo tutagombana," Bibi akasema. "Washa."