Swali la Kabla ya Chakula

Kengele ya kwanza ya kanisa ilimkuta Mama Povu bado yuko njiani, ndoo kichwani, maji yakimtiririkia shingoni. Kufua nguo za watu ndiko kulikompa jina hilo, na kazi hiyo bila maji ni bure kabisa. Tangu Jumatatu bomba la uani lilikuwa na kufuli. Mwenye nyumba alisema bei ya maji imepanda, na yeye hawezi kugharimia biashara ya mtu. Na walikubaliana tangu mwanzo kwamba maji yamo ndani ya kodi, na kodi ameshalipa! Alipomkumbusha, mzee alimpa mgongo akaingia ndani.

Chumbani, shuka za nyumba ya wageni zilirundikana mpaka usawa wa dirisha. Zinatakiwa kesho asubuhi. Zikikosekana, mteja huyo ndiyo basi tena, na mwingine wa maana hana. Maji ya mkokoteni yangekula faida yote, na ya kubeba kichwani, weee, shuka zinavyokunywa maji! Alimimina ndoo yake kwenye pipa, akachungulia, akacheka peke yake kwa uchungu. Kisha akabadilisha nguo akaenda kanisani, maana ilikuwa Jumapili ya chakula cha pamoja, nacho hakikosi hata akiwa na homa.

Aliipenda siku hiyo, jamani. Baada ya ibada mabenchi husogezwa, meza huunganishwa, kinyozi akabanana na mwalimu, na sahani zote ni za bati moja. Mpishi, bibi mmoja mfupi aliyezoea kuamrisha, alikuwa ameshafunua masufuria. Harufu ya wali na maharage ilijaa ukumbi mzima.

Kama ilivyo desturi, kabla ya mtu kushika kijiko mchungaji aliuliza, "Ndugu zangu, kuna mwenye neno na mwenzake?"

"Amani!" watu waliitika, macho kwenye masufuria. Watoto wa mafundisho hukaririshwa kwamba hapa mtu hali na kinyongo moyoni. Wanajibu vizuri kwenye mtihani, na mambo yanaishia hapo.

Mwenye nyumba, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikaa ubavuni mwa mchungaji. Aliitika amani kwa sauti nene kuliko wote, na sauti hiyo ndiyo iliyomchoma Mama Povu. Alijikuta amenyoosha mkono.

"Mimi ninalo."

Mchungaji alitabasamu kwa shida. "Tutaliombea, mama."

"Si la kuombea, mchungaji, ni la kufungua. Mzee amefunga bomba wiki nzima, na maji yamo kwenye kodi yangu. Nina shuka za watu. Nitakulaje naye huku moyo unanichemka?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani," mwenye nyumba alisema. "Tutazungumza huko huko."

"Huko nimezungumza na mgongo wako, baba."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mchungaji alimtupia mzee jicho. Mabati ya kanisa hilo, kila mtu alijua yalitoka kwa nani. "Basi, ndugu zangu, tule kwanza, halafu..."

Mfuniko uligonga sufuria. Mpishi alikuwa amefunika wali, akafunika na maharage, akaketi akakunja mikono. "Mmeuliza, mmejibiwa," alisema. "Chakula hakina haraka."

Matumbo ndiyo yalikuwa na haraka. "Mzee wangu, nakuomba," kinyozi alilalamika, "mimi hata chai sijanywa!"

"Kodi ina maji au haina?" mwalimu aliuliza.

"Inayo," mwenye nyumba alijibu kwa sauti ndogo.

"Sasa?"

Mzee alijifuta jasho. Akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo, akausukuma mezani hadi mbele ya Mama Povu.

Mifuniko ikainuliwa. Mama Povu alikula sahani mbili. Mzee mwenyewe alimsogezea maharage, akamwambia pole. Pole ya mdomoni tu, lakini ni pole. Mama Povu alifurahi, tena bila aibu, na akilini alishaanza kuanika shuka.

Wakati wa matangazo mchungaji alisimama. Wazee walikuwa wameteta kidogo pembeni, wakaona, kwa ajili ya utaratibu, kuanzia mwezi ujao swali liulizwe baada ya kula. Watu wakishiba huongea kwa utulivu. Na mwenye neno zito alilete ofisini.

"Amina," mwenye nyumba aliitika peke yake. Mama Povu aliufumbata ufunguo kiganjani, furaha ikimpungua.

Mpishi alikuwa akikwangua ukoko. Hakuinua hata kichwa.

"Sawa, mchungaji," alisema. "Basi na mimi moto nitauwasha baada ya swali."