Paka wa Mkia Mfupi

Dada alikuwa anawajua matapeli wa simu, na alikuwa anawaonea raha. Mtaa mzima ulimwita Dada, hata wateja waliomzidi umri, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani asiyemcheleweshea mtu nguo. Aliyempigia kumwambia ameshinda gari katika bahati nasibu ambayo hakuicheza, aliombwa alilete mlangoni, na akipita dukani amchukulie Dada uzi mweusi. Aliyejiita mjane mwenye urithi wa kugawa alipewa pole ya msiba, kisha akaambiwa marehemu aliondoka na deni la suruali mbili.

Kwa hiyo mtu asije akasema alikuwa mjinga. Kilichomkuta hakikupitia mlango wa ujinga, kilipitia jikoni kwao.

Miaka minne nyuma, siku ya tatu ya msiba wa baba yao, watoto wote watatu walikuwa jikoni wakisugua masufuria. Kaka ndiye mkubwa, fundi majokofu. Dada akafuata. Wa mwisho ni Kitinda, aliyekuwa anajiandaa kwenda ng'ambo kulea wazee wa watu. Kaka ndiye aliyetoa wazo. Alisema siku hizi wezi wanaiba simu ya ndugu yako na kukuandikia kama yeye, kwa hiyo yeyote atakayeomba hela kwa ujumbe aulizwe kwanza: nani alivunja kioo cha kabati la mama? Jibu ni paka. Ukweli ni kwamba walikivunja wao wenyewe kwa mpira, wakamsingizia paka, na mama anaamini mpaka leo.

"Matapeli wana akili," Kaka alisema, "lakini hawakukulia nyumba hii."

Walicheka huku wameziba midomo kwa viganja, maana sebuleni watu walikuwa wanalia.

Kisha macho ya mama yakaanza kuzibwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Kitinda akawa anatuma kidogo kila mwezi, Dada anaongezea cha cherehani, na akiba yote inakaa kwenye simu ya Dada. Mama hakuziita hela. Kila asubuhi aliuliza, "Macho yangu yamefika wapi?" Hatimaye yalifika: hospitali ikampangia upasuaji Alhamisi. Mama akawatangazia majirani kwamba kitu cha kwanza kukitazama kitakuwa picha ya Kitinda amevaa sare ya kazi, maana mpaka sasa alikuwa anaambiwa tu kuwa imempendeza.

Jumatatu asubuhi, Dada akiwa anapinda gauni, ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni yenye picha ileile ya sare. Dada, simu yangu imeibiwa pamoja na pasipoti. Nimezuiliwa na watu wa uhamiaji, nisipolipa leo narudishwa nyumbani. Wakala wao yuko huko kwetu, mtumie kwenye namba hii. Bosi wangu ameahidi kuzirudisha za mama kabla ya Alhamisi.

Dada hakukurupuka. Aliipigia namba hiyo, haikupokelewa, ukaja ujumbe kwamba haruhusiwi kuongea. Akapiga namba ya zamani ya Kitinda, haipatikani. Basi akafanya kile ambacho angefanya mtu yeyote mwenye kaka: alimpigia Kaka.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama ameuliza lile swali. Dada akakata simu, akauliza. Ukapita muda wa kutunga uzi kwenye sindano, jibu likaja: Paka. Paka wa mwalimu, yule wa mkia mfupi.

Dada alilia palepale juu ya gauni la watu. Akampigia tena Kaka, akamsomea.

"Basi ni yeye," Kaka alisema. "Tuma, mdogo wangu. Mama ataelewa."

Akatuma zote.

Jioni Kitinda akapiga kwa namba yake ileile ya siku zote. Aliomba radhi kwamba kazini simu zinazimwa na kufungiwa kabatini, akauliza kama mama ameshafungasha nguo za hospitali. Dada alikaa juu ya rundo la vitambaa. Kisha akasema wezi wameingia kwenye simu zao na kusoma kila kitu. Kitinda akamuuliza taratibu kama lile swali waliwahi kuliandika mahali popote. Hawakuwahi. Dada akamsomea jibu.

"Mimi ningejibu paka tu, Dada," Kitinda alisema. "Kioo kilipovunjika nilikuwa na miaka minne. Habari za mkia sizijui."

Dada alizijua. Siku ile walipopangwa mstari mbele ya mama na fimbo yake, ni Kaka aliyeongeza kwamba paka ni wa mwalimu jirani, yule wa mkia mfupi, ili uongo usimame.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo Dada alizoea kuwatania nayo wateja kila alipowakuta na pini iliyosahaulika kwenye pindo. Nguo yake mwenyewe hakuwahi kuigeuza.

Kesho yake alimkuta Kaka amechuchumaa nyuma ya jokofu la mteja. Kaka alimtazama usoni mara moja, akaweka bisibisi chini. Hakukana, na hilo lilimchoma Dada zaidi, kwa sababu njia nzima alikuwa amejiandaa kuamini uongo wowote ambao angepewa. Alieleza kwamba aliingizwa kwenye kundi la uwekezaji mtandaoni, akaweka kidogo, akakiona kinakua kila siku, akatoa mara moja na kweli akapata. Ndipo akaweka akiba yake yote. Alipotaka kuitoa, wakamwambia alipe kwanza ada ya kuifungulia. Alikuwa achukue za mama kwa siku mbili tu, azirudishe kabla hata Dada hajajua. Alilipa. Usiku huohuo kundi likafutwa.

"Wamenila na mimi, mdogo wangu," alisema, na machozi yakamtoka.

"Wewe umeliwa na watu usiowajua," Dada alisema. "Mimi nilikupigia wewe nikuulize."

Akaondoka. Alimchukia, na alijichukia kwa kutamani kurudi kumfuta machozi.

Mama aliambiwa daktari ameahirisha. Alisema mwezi ujao si mbali, kisha akataka Kaka aarifiwe, asije akahangaika bure kuja kumpeleka. Dada akamjibu kwamba Kaka anajua.

Jumapili, Dada na Kitinda walikubaliana kuanza upya kuyatafuta macho ya mama. Kitinda akasema sasa wanahitaji swali jipya, la wao wawili tu. Dada akataja siku Kitinda alipopotea sokoni, wakakumbuka ni nani aliyempata. Kitinda akataja siku yake ya kwanza shuleni, lakini alikwenda akiwa mgongoni kwa Kaka. Wakajaribu homa, wakajaribu mvua iliyoezua paa, wakajaribu mbwa aliyewafukuza. Walitafuta mpaka bando la Dada likaisha, na hawakuipata hata siku moja ya utoto wao ambayo Kaka hakuwamo.