Kifunike kwa Kiganja

Mkitaka kunitukana, nitukaneni, sitajitetea. Shangazi yangu nilimpeleka mbele ya kamera mimi mwenyewe.

Huduma yetu ya vipindi vya mtandaoni ilikuwa inakata roho. Tulitengeneza tamthilia za nyumba za vioo na machozi ya kupaka, na watazamaji wakajitoa mmoja mmoja. Mkuu wetu tunamwita Bwana Grafu, maana hata salamu yake ni "tumepanda au tumeshuka?" Siku moja akasema tuwatafute watu wa kweli huko mikoani, waongee wanavyoongea kwao, bila mtu kuwaandikia la kusema. Mimi na kiherehere changu nikamtaja shangazi.

Shangazi ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ana watoto watatu, wote watu wazima, na mdomo wake hauna pazia. Kuna wateja wanaokuja hata kitambaa hawana, alimradi wamsikie. Kipindi cha kwanza tu, mkoa ukaanza kujiunga. Kufika cha nne, yeye peke yake alikuwa ametuletea watu kuliko tamthilia zote.

Ila mwanzoni alikataa. "Na nikitaka kusema siri yangu?"

Nikamcheka. "Shangazi, hicho kinasa sauti ni kidude tu. Ukiwa na siri, kifunike kwa kiganja."

Uongo mtupu. Nilisema ili akubali. Kiganja hakizuii kitu, na anayeongea naye huwa amevalishwa kidude chake.

Jumanne nikiwa nahariri, nikamwona kwenye kioo cha kompyuta anakifunika kidude taratibu, anamwinamia jirani yake muuza vifungo. Sauti ikaja safi kabisa kupitia kwa jirani: "Daktari kasema sifiki mwakani. Watoto hawajui. Nitawaambia mwenyewe Jumapili, wakija kula."

Jamani! Nikanyoosha mkono nifute, kumbe Bwana Grafu kasimama nyuma yangu.

"Hilo," akasema, "ndilo tangazo letu la Jumamosi."

"Bosi, watoto wake hawajui."

"Alisaini mkataba."

"Nakuomba, ngoja mpaka Jumatatu. Siku mbili tu!"

"Wiki hii tumeshuka. Dada, usilie. Watu wanampenda, watalia naye."

Nilipiga magoti, haki ya Mungu, mtu mzima na miwani yangu, kwenye zulia la ofisi. Akaniambia nikapumzike nyumbani. Kazi akampa mwenzangu.

Siku tatu nilishika simu na kuiweka, nikaishika na kuiweka. Ningemwanzaje? Ijumaa nikaona maji yamezidi unga, nikafunga safari.

Jumamosi asubuhi nikamkuta kwenye cherehani yake. Wanawe walikuwa wameshafika, siku moja mapema, wako uani na simu zao, wanacheka.

"Mwanangu, mbona umekonda! Huko kazini mnakula kompyuta?"

Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Kaa hapa. Nilipanga kuwaambia wote kesho, lakini wewe nikutangulize. Wewe ndiye utakayewashika wenzako." Akaweka kiganja kifuani, juu ya gauni. Siku hiyo hapakuwa na kidude chochote pale. Akashusha sauti. "Wiki iliyopita nilienda hospitali."

"Shangazi, subiri, nina neno..."

Uani simu ikapaza sauti ya shangazi mwenyewe: "Daktari kasema sifiki mwakani. Watoto hawajui."

Kicheko kikakatika. Kiti kikaanguka. Mtoto wake mkubwa akaita, "Mama?" Akaita tena.

Shangazi hakugeuka. Alinitazama mimi, na kiganja hakukiondoa, alikikandamiza zaidi.

"Lakini nilikifunika," akasema. "Mwanangu, si uliniambia nikifunike?"